Ombi la Kusogeza Ndoa ya Rukia Hadi Siku ya Meli

Kwa Mama yangu mzazi, Bi. Mwajuma,
Kurui, Kisarawe.

Kutoka kwa mwanao Salumu,
Cape Town, Afrika Kusini.

YAH: OMBI LA KUSOGEZA NDOA YA RUKIA KUTOKA JUMAMOSI HADI JUMATANO, PAMOJA NA KUMPOKEA MGENI MMOJA WA KITI CHA MAGURUDUMU

Mama, shikamoo.

Natanguliza salamu kabla ya hoja, kwa kuwa hoja yenyewe ni nzito na nisingependa ikukute umesimama. Kaa kwanza. Rukia, ambaye bila shaka ndiye anayekusomea, naye akae, asome polepole, wala asiruke mistari kama alivyofanya kwenye barua iliyopita alipoona jina lake.

Goti la kushoto linaendeleaje? Je, ile dawa ya kuchua unaitumia wewe, au umeshawagawia majirani? Mihogo ya bondeni imesalimika, au nguruwe wamerudi? Mimi ni mzima kabisa. Nakula vizuri, nalala vizuri, isipokuwa siku hizi tatu ambazo furaha imeninyima usingizi, kama utakavyosikia.

Aliyekuletea bahasha hii ni Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, fundi cherehani tunayesali naye msikiti mmoja hapa ugenini. Anakuja likizo, nami nimemwomba apitie Kurui kabla ya kwenda kwao. Kwa kuwa ni mtani wetu, atadai kuku kabla ya kutoa bahasha. Kama tayari ameshapewa kuku huyo, basi nimechelewa kukuonya.

Madhumuni ya barua hii ni kuomba uamuzi wako juu ya mambo mawili yaliyotajwa hapo juu, ambayo kwa kweli ni jambo moja. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Sikupiga kwa sababu mambo ya ndoa hayaombwi kwa simu. Posa ya Idrisa yenyewe ililetwa Kurui kwa barua, ikiwa ndani ya kitambaa, na wewe ukairudisha mara ya kwanza kwa kuwa hawakuandika jina la marehemu Baba. Nami nisingethubutu kuomba ndoa hiyohiyo isogezwe kwa maneno ya hewani, yanayokatika kila Rukia anapotoka chini ya mwembe.

Naomba sasa nieleze chanzo.

Kama unavyofahamu, kazi yangu hapa ni kumhudumia mama mzee, mjane, aitwaye Bibi Helena, ambaye alikuwa na shamba la zabibu na akaliuza alipofariki mumewe. Ana umri wa miaka themanini na moja. Miguu imemkatalia lakini ulimi haujamkatalia hata kidogo. Mimi ndiye ninayemwinua asubuhi, ninayemsogeza kwenye kiti chake cha magurudumu, na ninayempikia uji anaousema vibaya kila siku na kuumaliza kila siku. Hakuna mwingine anayejua kumwinua bila kumuumiza bega, na ndiyo sababu kwa miaka mitano sasa sijapata likizo ya kuja nyumbani. Hilo umelivumilia nami nakushukuru.

Mwezi uliopita aliniita barazani, akaniwekea magotini vijitabu vinne vya rangi, vizito kama misahafu.

"Salumu," akasema, "marehemu mume wangu aliniahidi safari ya meli kwa miaka arobaini. Kila mwaka zabibu zilimzuia. Sasa hakuna zabibu wala mume. Nataka kusafiri. Chagua meli."

Nikasema, "Bibi, mimi sijui meli."

"Ndiyo maana nimekupa vitabu. Sitaki zile meli za watu elfu tatu. Sitaki foleni ya mayai asubuhi. Nataka meli ndogo, ambayo nikiomba chai hakuna mtu atakayeniuliza namba ya meza. Nawe utakuwa nami, chumba cha pembeni. Chagua."

Mama, nilitoka barazani nikiwa nimevikumbatia vile vitabu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto. Sikujua kwamba duniani kuna meli za namna hiyo. Wageni ni mia moja tu, na wahudumu wanazidi idadi ya wageni. Kila chumba kina baraza yake inayotazama bahari, na kila chumba kina mhudumu wake ambaye kazi yake ni kukufungulia sanduku, kukupangia nguo na kukumbuka kwamba juzi uliacha kitunguu kwenye sahani. Chakula kinaliwa saa yoyote, mahali popote, na mtu akitaka kula kitandani analetewa kozi moja baada ya nyingine, hadi matunda. Hakuna anayetoa pochi ndani ya meli, kwa kuwa kila kitu kimeshalipwa katika nauli. Nauli yenyewe naomba nisiitaje, ili uendelee kusikiliza.

Nilifanya kazi hiyo kwa utaratibu nilioujua tangu nilipokuwa nikiwaandikia watu wa Kurui maombi ya kisima na zahanati: nikaandaa taarifa. Niliwaandikia wenye meli maswali ambayo hayamo katika vitabu vyao. Kizingiti cha mlango wa bafu kina urefu gani? Kiti cha magurudumu kinageuka ndani ya chumba au lazima kirudi kinyumenyume? Daktari analala melini au anaitwa? Kwa usahihi zaidi nilikipima kiti cha Bibi kwa futi niliyoazima kwa Maganga, ambaye alinitazama nikipiga magoti sebuleni, akashindwa kujizuia.

"Mzaramo, leo wewe ndiye mchagua meli? Kwenu Kisarawe maji mengi mnayoyajua ni ya ndoo."

"Na kwenu Tabora?"

"Kwetu tuna asali. Mwenye asali anasafiri kwenda wapi?"

"Ndiyo maana upo Cape Town unashona zipu za watu."

"Nashona ili nipate nauli ya kuja kuwazika Wazaramo. Mkifa hamna hata wa kuwalilia vizuri."

Aliondoka bila futi yake, na mpaka leo anaidai.

Baada ya wiki mbili zilibaki meli mbili. Ya kwanza inakwenda kusini kabisa, kwenye nchi ya barafu isiyokaliwa na watu, ambako kuna ndege weusi na weupe wanaotembea wima kama mashekhe wanaokwenda maulidini. Ya pili inapanda na pwani kutoka hapa hadi Maputo, kisha inaingia Dar es Salaam alfajiri ya Jumatano, inalala gatini usiku mmoja, na kuondoka Alhamisi jioni kuelekea Unguja na Mombasa. Ndiyo, Mama. Dar es Salaam. Na Jumatano hiyo ni siku tatu kabla ya Jumamosi ya ndoa ya Rukia.

Nilipoona hivyo nilikifunga kitabu. Nikatoka nje, nikazunguka nyumba mara mbili, nikarudi, nikakifungua tena. Ilikuwa ileile Jumatano.

Hapa naomba nikiri kosa langu, kwa kuwa ndilo lililotufikisha kwenye ombi hili. Meli ya pwani ndiyo iliyomfaa Bibi, na nilikuwa na sababu za kweli. Kwenye barafu hakuna gati, wageni wanashushwa kwa boti za mpira, na mtu wa kiti cha magurudumu atabaki melini akiwatazama wenzake. Meli ya pwani inafunga gatini na kiti kinashuka kwa ubao wa mteremko. Haya yote niliyaandika katika taarifa yangu ya kurasa kumi na nne. Lakini palipohitajika kutaja bandari, mkono wangu uliogopa. Nilihofia Bibi atadhani nimeigeuza safari yake kuwa darubini ya kutazamia kwetu. Kwa hiyo niliandika hivi: "Meli hii itatembelea bandari mbalimbali za Afrika Mashariki."

Bibi aliisoma kwa siku mbili, akasema, "Haya, ya pwani. Lakini moyo wangu uko kwenye barafu kidogo. Andikia ofisi yao watushikie vyumba, nitathibitisha baadaye."

Wakala wa safari alitaka maelezo ya msafiri na ya msindikizaji wake kwa maandishi. Basi nikaandika kama ninavyojua kuandika ninapotaka kitu ofisini. Nilieleza kwamba mimi ni Mtanzania mwenye afya njema na tabia njema, mzaliwa wa kijiji cha Kurui, Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Nikaambatisha wasifu, nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha nne za pasipoti zenye rangi ya bluu nyuma, majina ya wadhamini wawili, yaani imamu wetu na Maganga, pamoja na ile barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa kitongoji niliyoondoka nayo nyumbani, yenye muhuri. Nikamalizia kwamba nitashukuru sana endapo ombi langu la nafasi katika meli yao litafikiriwa. Nikaweka vyote katika bahasha ya kaki, nikapeleka mwenyewe kwa mikono yangu, nikasaini kwenye daftari lao la mapokezi.

Siku ya tano jibu likaja. Walinishukuru kwa kupendezwa na kazi za melini. Wakasikitika kwamba nafasi za wahudumu wa vyumba zimejaa. Hata hivyo, idara ya kufua nguo ilikuwa na nafasi moja, na nikaombwa nifike kwa usaili nikiwa na majibu ya daktari.

Mama, nilisoma barua ile nikiwa nimesimama jikoni, nikajiona nimeshuka kutoka baraza ya kutazamia bahari hadi kwenye pipa la sabuni, katika aya moja. Sikuificha. Nilimpelekea Bibi. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena bila miwani, kisha akacheka mpaka nikamletea maji. Rukia, nawe hapo inatosha, endelea kusoma.

Alipopata pumzi alimpigia wakala, akaweka sauti ya simu nje ili nami nisikie. Yule wakala, mwanamke mwenye sauti ya haraka, aliomba radhi sana.

"Tulidhani anatafuta kazi, Bibi. Barua yake ilikuwa nzuri mno. Msimamizi wetu amesema hajapata kuona mwombaji wa kufua nguo aliyedhaminiwa na kiongozi wa kijiji. Na tulielewa kwa nini anaitaka meli ile hasa."

"Kwa nini?" akauliza Bibi.

"Si ameandika ni mzaliwa wa Kisarawe? Nimetazama ramani. Ni nyuma tu ya Dar es Salaam, na meli inalala pale usiku mmoja. Nani asingeitaka?"

Bibi akashukuru, akakata simu. Nilikuwa nimeshika jagi la maji na sikujua niliweke wapi.

"Salumu. Meli inalala wapi Jumatano?"

"Dar es Salaam, Bibi."

"Na kwenye taarifa umeandika nini?"

"Bandari mbalimbali za Afrika Mashariki."

"Kurasa kumi na nne," akasema. "Najua vizingiti vya mabafu ya meli mbili kuliko ninavyojua vyangu. Na nyumbani kwenu ukapaita bandari mbalimbali."

Nikamwambia nilihofia atadhani nimechagua kwa ajili yangu. Nikaanza kumweleza habari za boti za mpira.

"Ya boti yapo ukurasa wa tisa, nimeyasoma. Nauliza yale ambayo hukuandika."

Basi nikaweka jagi chini, nikamweleza. Nilimweleza kwamba nina dada mmoja tu. Kwamba Baba alifariki Rukia akiwa darasa la pili, na kwa sheria ya dini yetu mimi ndiye walii wake, ndiye ninayepaswa kuushika mkono wa bwana harusi na kumwambia kwa kinywa changu kwamba nimemwoza dada yangu. Kwamba siku niliyoondoka, pale stendi ya Kisarawe, Rukia alishika mkanda wa begi langu akauliza, "Na nikiolewa je?" nami nikamjibu mbele yako kwamba nitakuja kumwozesha mwenyewe, kwa mkono huu. Kwamba ilipofika posa sikuwa na njia, nikampa Mjomba Kondo uwakala kwa simu, na Rukia akasema "sawa, kaka," kwa sauti ambayo haikuwa sawa.

Bibi akasema, "Jumatano tunafika, Jumamosi anaolewa. Yaani tutafika kutazama maturubai yakiwa bado yamekunjwa."

"Bibi, kwetu ndoa haisogezwi na mtu mmoja."

"Sijasema uisogeze. Waulize walioipanga. Mama yako akikubali, tunapanda ya pwani, nami nataka kuwepo. Akikataa, tunakwenda kwenye barafu na nitayatazama hayo mabarafu nikiwa barazani kwangu melini, na wewe usinung'unike. Sitakaa gatini siku mbili nikikuona unatazama upande wa Kisarawe kama ng'ombe anayetazama malisho ya jirani."

Hayo ndiyo yaliyotokea, Mama. Vyumba vimeshikwa hadi Jumatatu ijayo. Baada ya hapo wanapewa wengine.

Sasa naomba niwasilishe utaratibu, ili usidhani naomba kwa pupa. Abiria wanaruhusiwa kushuka saa moja asubuhi. Gari litakuwa linatusubiri nje ya bandari. Nimehesabu njia mpaka Kisarawe mjini, kisha barabara ya vumbi hadi Kurui, nikaongeza saa nzima kwa ajili ya lori litakalokuwa limekwama mbele yetu. Tutafika kabla ya Adhuhuri. Ndoa ifungwe baada ya sala. Alhamisi tutaondoka asubuhi na mapema, kwa kuwa meli hiyo, pamoja na adabu zake zote, haimsubiri mtu. Bibi ameridhia kulala Kurui. Nilipomkumbusha kwamba chumba chake cha melini kitakuwa wazi usiku huo, alisema kitanda kile ni kipana kuliko jiko lake na kikilala peke yake usiku mmoja hakitakufa.

Ninajua ninachoomba. Idrisa na wazazi wake pale Pangani, Kibaha, ni watu wa ofisi, na Jumatano ni siku ya kazi. Watalazimika kuomba ruhusa, na wageni wao kukodi Koasta siku ambayo hawakuipanga. Wapishi wameshaambiwa Jumamosi. Kadi zimeshagawiwa. Naomba Idrisa aonyeshwe ukurasa huu, na aelewe kwamba siombi kama mkubwa wa mke wake mtarajiwa, bali kama mtu anayetamani kumshika mkono yeye mwenyewe, si kumsikia kwenye spika ya simu.

Kwa Mjomba Kondo naomba radhi mahsusi. Uwakala nilimpa kwa simu, nami nauomba urudi kwangu kwa maandishi na kwa unyenyekevu. Nimeambiwa ameshashona kanzu. Aivae. Akae kulia kwangu, awe mkuu wa shughuli, na yeye ndiye atakayenikatiza nikizungumza kirefu, kazi ambayo ameifanya tangu nikiwa mdogo.

Rukia, wewe ndiye bibi harusi. Kama Jumatano haikuridhishi, liseme hapo mbele ya Mama, usiliseme jikoni. Nami nitakubali, na nitakuletea picha ya hao ndege.

Jambo la mgeni ni dogo. Bibi Helena anakula kila kitu isipokuwa pilipili, na atasema chakula ni kibaya huku akiomba kuongezwa. Usiudhike. Asiwekewe kochi, kiti chake anakuja nacho. Lakini mlango wetu wa mbele una kile kizingiti cha saruji alichokimimina Baba. Nimepima vizingiti vya meli mbili za watu wakubwa, na cha nyumbani kwetu ndicho nisichokijua urefu wake. Rukia akipime, ajaze mchanga kwa nje mpaka uwe mteremko. Maganga anayo futi ya ziada, ingawa atakataa.

Nisalimie Mjomba Kondo na wote wa nyumbani kwake, Shangazi Tatu wa Vihingo ambaye najua ameshaanza kushona sare, na mwenyekiti wa kitongoji, ambaye afahamishwe kwamba muhuri wake umefika mbali na umeheshimiwa. Wakwe zetu wa Pangani wapate heshima zangu zote kabla ya kupata usumbufu wangu.

Maganga amekubali kukaa hapo mpaka umalize kutafakari, kwa masharti yake mwenyewe ambayo hayahusiani na kuku, kwa mujibu wa maelezo yake. Yeye ndiye atakayenipigia simu kunipa jibu lako. Neno moja linatosha.

Mama, naomba uamuzi: ndoa ya Rukia iwe Jumatano, au ibaki Jumamosi?

Mwanao mtiifu,
Salumu

Nakala kwa: Mjomba Kondo, kwa taarifa na kwa msamaha.